Siku Nilipoitika kwa Niaba ya Babu

Mama yangu anaogopa orodha. Hata ya kliniki. Muuguzi akitoka na karatasi na kuanza kuita majina, mama hukamata mkoba na kutazama mlango, na mimi ndiye ninayeinua mkono. Zamani nilikuwa nikimtania kwamba labda ana kesi mahali.

Woga huo ni wa baba yake. Babu alikuwa Mpolandi, kijana mdogo wakati wa vita kuu ya pili, askari wageni walipoingia kijijini kwao alfajiri wakaita majina nyumba kwa nyumba. Mama yake aliitika. Familia nzima ikapakiwa kwenye treni ikapelekwa kwenye baridi ya Urusi, na si wote waliotoka huko. Walionusurika walipelekwa Tanganyika. Babu akajiunga na jeshi la Waingereza waliotawala huko, akaendesha malori mpaka vita vikaisha. Majina yakiitwa gwarideni aliinua mkono tu, hakutoa sauti. Walimwadhibu hadi wakachoka. Baadaye akamwoa bibi yangu, Mmeru, na mama alipopata akili fundisho la kwanza lilikuwa hilo: ukisikia jina lako linasomwa, nyamaza.

Mama naye akaolewa na mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, na kwao kulipopata uhuru akarudi nasi, ndiyo maana tuko Johannesburg. Baba alikuwa ameshafariki ule mwaka wageni walipokuwa wakishambuliwa mjini, vijana wakapanda ngazi za ghorofa letu mtaa wa Joubert Park na karatasi ya majina ya wageni. Tulijifungia bafuni. Jina la mama lilisomwa mlangoni mara mbili. Bomba lilikuwa linavuja, nikalikinga kwa kiganja, mtu mzima mimi, nikiamini tone moja litatuua. Wakapita. Jirani yetu Mkongo aliitika, akidhani ni watu wa maji. Hatukumwona tena.

Baada ya yote hayo, mimi kichwa kigumu nikaenda kuandikisha jina la babu. Watoto na wajukuu wa Wapolandi hapa hukutana kila mwaka penye mnara wa kumbukumbu, majina ya askari wao yakasomwa, na mtu wa familia akajibu, "Yupo." Jina lisiloitikiwa hufutwa. Mama ameanza kusahau. Mwezi uliopita aliniuliza yule mwanajeshi kwenye picha ya sebuleni ni nani, nami nikaingia jikoni kulia. Nilitaka amsikie baba yake akiheshimiwa kabla hajamsahau kabisa.

Jumapili hiyo kulikuwa na upepo. Wazee wa Kizungu walikuwa wamebandika nishani za baba zao kifuani upande wa kulia, kama wavaavyo warithi. Sisi tulikaa nyuma, mama na kitenge chake, ile picha ya babu mapajani.

"Mwanangu," alininong'oneza, "yule bwana ana orodha."

"Ni ya heshima tu, Mama."

"Ndivyo wanavyosemaga."

Jina la babu likasomwa. Mama aliinua mkono, midomo ameibana. Hakuna aliyemwona. Likasomwa tena. Mimi niliyeliandika kwa mkono wangu nikashindwa kufungua kinywa. Kiganja kilikuwa kimelowa, na nilisikia lile bomba. Yule bwana akalisoma mara ya tatu, akatoa kalamu mfukoni.

"Yupo!" nikapaza sauti.

Watu wakageuka kututazama, wote, wakitabasamu. Mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Simama twende. Wameshajua tulipo."

Nilimbembeleza, akazidi kunivuta, ikabidi tuondoke kabla ya nyimbo. Garini aliiweka picha mapajani, ameigeuza uso chini.

"Umeitika kwa nini?"

"Wangemfuta kwenye orodha, Mama."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto asiyeelewa somo.

"Sasa si ndicho alichokitaka maisha yake yote?"

Nilifunga milango ya gari, yote minne, kisha nikaikagua tena.