Kikombe cha Giligilani

Mama alipotoka hospitali sikumrudisha kwake mlimani, nikamleta kwangu Olasiti. Alikuwa amekonda, na daktari alisisitiza jambo moja tu: ale. Nikasema hilo dogo, mama yangu na mtori wa ndizi hawajawahi kukosana.

Siku ya kwanza akaonja kijiko kimoja, akasukuma bakuli. "Hukuweka giligilani."

Niliweka. Niliweka kiganja kizima, kama alivyonifundisha mwenyewe. Kesho yake nikaongeza, akasema vilevile. Nikaona isiwe tabu, nikatoa kikombe changu cha kupimia unga wa keki. Sasa jaribu kupima majani yaliyokatwakatwa. Ukiyaacha yalivyo, unapima hewa; ukiyashindilia, fungu zima la sokoni halifiki nusu kikombe. Nilishindilia mpaka mtori ukawa kijani.

"Mwanangu," akasema kwa upole ulionichefua, "mbona unanibania giligilani?"

Basi kosa litakuwa friji. Mimi hutoka kwenda kazini alfajiri, kwa hiyo majani ya wiki nzima nayakata Jumapili. Mama hajawahi kulikubali jambo hilo. Kwake majani hukatwa mtori ukishaiva, yakitoka shambani moja kwa moja hadi mkononi mwa mpishi. Nikayakausha kwa kitaulo, nikayalaza juu ya tishu kwenye kopo lenye mfuniko. Bakuli likarudi jikoni. Nikayagandisha kwenye trei ya barafu, umeme ukakatika, yakawa uji mweusi. Nililaani umeme, nikalaani giligilani, na Mungu anisamehe, nikamkasirikia na mama. Alikuwa anazidi kwisha mbele yangu kwa ajili ya majani.

Jumamosi nikampeleka kwake mlimani. Nikamkalisha barazani, nikaenda nyuma ya nyumba, nikang'oa giligilani chini ya migomba yake mwenyewe, nikamletea na udongo wake. Mikono yangu yote ilinukia. Akayaweka majani puani, akavuta pumzi. Akayafikicha kwa vidole, akanusa tena, muda mrefu.

"Haya nayo," akasema taratibu, "yalilala kwenye friji."

Hasira yote ikaniishia. Haikuwa friji wala kikombe. Mama alikuwa hasikii tena harufu, na macho yake yaliyonitazama yakisubiri jibu yalikuwa na woga.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Yalilala kwenye friji. Nisamehe."