Mume Aliyeombwa Posa ya Mke Wake

Koko Hadidja, bibi yangu mzaa baba, aliposwa kwa mume wake mwenyewe.

Soma tena. Sijakosea kuandika.

Wanaume wenye kanzu safi walikaa sebuleni kwa mume, wakanywa chai ya mume, wakamwomba mume awape mke. Na mume akajikuna kidevu, akasema, "Ngojeni kwanza nifikirie."

Mimi sikuwepo. Hata baba yangu alikuwa hajazaliwa. Lakini koko amenisimulia mara nyingi, na kila mara anacheka hadi kitambaa kinamdondoka kichwani. Nawapa kama nilivyopewa.

Twendeni Kisangani. Enzi hizo mji unaitwa Stanleyville na Mbelgiji bado yupo.

Mbelgiji alikuwa na sheria yake: mjini, mwanaume mmoja, mke mmoja. Uwe Mkristo, uwe Mwislamu, uwe unaabudu mamba wa mtoni, mmoja. Wa pili haandikwi, na akigundulika anarudishwa kwao. Msikitini utaswali utakavyo, hakuna wa kukusumbua. Chumbani ndiko serikali ilikokuwa na maoni.

Sefu alikuwa muuza vitambaa, mtoto wa familia za Kiislamu za zamani za mji, mtu wa kofia ya kudarizi na maneno mengi. Mke wake Aziza alikuwa ameandikwa serikalini. Siku moja Sefu akapanda lori kwenda Banalia kufuata mchele, akamwona Hadidja kando ya mto Aruwimi. Mchele akausahau.

Akaoa. Kihalali kabisa. Baba wa binti aliridhika, dua zikasomwa, mahari mkufu wa dhahabu. Kwa Mungu mambo yalikuwa safi.

Shida ilikuwa kwa Alphonse.

Alphonse alikuwa karani wa mtaa, mtu mweusi kama sisi ila na tai shingoni, Mkatoliki wa misa ya alfajiri. Kazi yake kupita nyumba kwa nyumba kuuliza nani analala wapi. Alibisha hodi Hadidja akiwa bado hajafungua hata mizigo.

"Papa Sefu, huyu mwanamuke iko nani?"

Hadidja akageuka kumtazama mume wake. Alingoja kusikia akiitwa mke kwa mara ya kwanza mjini.

"Huyu? Iko dada yangu, papa Alphonse."

"Dada wa kweli kweli?"

"Baba moya, mama moya. Tulinyonya titi moya!"

Jamani. Mtu akidanganya, si aishie kwenye dada tu? Titi alilifuata la nini?

"Bon," akasema Alphonse, akaandika, akaondoka.

Hadidja akalia. Sefu akajitia kumbembeleza. "Usilie. Hata nabii Ibrahimu aliambia mufalme Sara iko dada yake."

"Na mufalme akafanya nini?" Hadidja akauliza.

"Akamuchukua," Aziza akajibu kutoka jikoni.

Hapo kwenye kisa Sefu alikuwa amepasahau.

Msikiti mzima ulijua ukweli. Hakuna aliyefungua mdomo, maana nusu ya wale waumini walikuwa na mashangazi wa miaka ishirini majumbani mwao.

Sasa kukawa na jambo la mimba. Dada asiye na mume akivimba tumbo, karani atauliza. Kwa hiyo Sefu akaanza kukiogopa chumba cha Hadidja. Mwanzoni alikuja kwa kunyata. Baadaye akaja mara moja moja. Mwishowe akawa anasimama mlangoni tu, "Umeamkaje, dada?" hata wakiwa wawili peke yao. Uongo ulikuwa umeshamzoea.

Hadidja alikuwa kijana, damu inachemka. Alitaka mtoto, na alitaka mtu amwite mke mchana kweupe. Basi.

"Uhuru ikifika," Sefu akawa anamwahidi, "nitasimama katikati ya soko niseme, huyu iko muke yangu."

Wengine waliungojea uhuru wapate nyumba za wazungu. Koko aliungojea apate mume wake.

Uhuru ukaja. Juni mwaka wa sitini. Ngoma, pombe, watu wanakumbatiana na watu wasiowajua. Vumbi la ngoma lilipotulia, Hadidja akavaa kitenge kipya, akamshika Sefu mkono, wakaenda ofisini kwa serikali.

Kwenye kiti cha Mbelgiji wakamkuta nani? Alphonse. Tai imerefuka.

"Papa Alphonse," Sefu akaanza, kifua mbele, "sasa tuko huru. Dini yangu inaruhusu. Huyu iko muke yangu."

Alphonse akavua miwani. "Dini iko huru, papa. Swali mara tano, swali mara kumi. Lakini sheria ya ndoa haikupanda ndege na Wabelgiji. Muke moya." Kisha akamkazia macho Hadidja. "Na huyu si dada yako? Ule wa titi moya? Papa Sefu, unataka kuoa dada yako? Ile hata wazungu hawakuwaza kuikataza!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Alors, chagua," Alphonse akasema. "Kama iko muke, kesho anarudi Banalia, na duka yako tunafunga juu ya uongo. Kama iko dada, abaki."

Hadidja alikuwa bado amemshika Sefu mkono. Akahisi vidole vya mume wake vikilegea kimoja kimoja.

"Dada," Sefu akasema. "Nilikuwa nachekesha tu."

Njiani kurudi akasema, "Subiri kidogo, itapita." Koko anasema hapo ndipo alipochoka. Hakukasirika hata. Alichoka kama mtu aliyetwanga siku nzima akakuta kinu kimetoboka.

Haukupita muda, wakaja wageni.

Mbele alikuwa Amuri, fundi cherehani aliyehamia kutoka Bafwasende, aliyefiwa na mke, mpole, mgeni asiyejua siri za msikiti. Nyuma yake wazee wake wawili. Na pamoja nao, kwa mshangao wa Sefu, mwalimu Zuberi wa msikitini, ambaye siri alikuwa anaijua kama anavyoijua Fatiha.

"Tumekuja kuomba dada yako," mzee mmoja akasema.

Chai ikampalia Sefu.

Mwalimu Zuberi akakohoa taratibu, akamwinamia Sefu sikioni. "Sefu, mbele ya Mungu, Hadidja iko nani kwako? Ukisema muke, tunasimama, tunaomba radhi, tunaenda. Ukisema dada, basi taja mahari."

Dirisha lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara Alphonse amekaa kibarazani kwake, bia mkononi, masikio huku.

"Ngojeni kwanza nifikirie," Sefu akasema, akatoka mbio hadi jikoni uani.

Hadidja alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Aziza anakaanga samaki.

"Hadidja! Ingia ukatae. Sema haumutaki."

"Nitakataa," Hadidja akasema. "Lakini utangulie wewe, useme muke. Mara moya tu. Hata wakinirudisha Banalia, nitarudi na jina yangu."

Sefu akatazama upande wa barabarani. Akatazama samaki. Akatazama miguu yake.

"Na duka?" akasema.

Hadidja akaulaza mchi. Akafungua mkufu shingoni, taratibu.

"Dini yako iliruhusu wawili, ikasema pia uwe sawa kati yao. Ile nusu ya pili uliiacha Banalia. Kamata mahari yako, unipe talaka."

"Aziza!" Sefu akapiga kelele ya chini chini. "Semesha huyu!"

Aziza akageuza samaki. "Niseme nini? Ni mimi nilimuambia Amuri kwamba wifi yangu hana bwana. Na mwalimu nilimueleza yote. Anangoja talaka yako, ndipo Amuri naye aambiwe."

Hadidja mwenyewe akabaki mdomo wazi. Mke mwenzake! Yule aliyegombania naye hadi chumvi!

"Mficha uchi hazai, Sefu," Aziza akasema. "Huyu mutoto wa watu anataka kuzaa. Unamuona kila siku analia kwenye kinu, unapita tu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli, akaongeza, "Na kile chumba, nataka nifugie kuku."

Talaka ilitolewa pale pale jikoni, mwalimu Zuberi akaitwa awe shahidi, samaki wakiungua. Sefu alilia machozi ya kweli. Koko hajawahi kulikana hilo. "Alinipenda," huwa anasema. "Ila alinipenda kwa sauti ndogo."

Amuri alipoelezwa yote alimgeukia Sefu.

"Donc," akauliza, "huyu nitamuita nani?"

"Shemeji," mwalimu akasema.

Amuri akangoja eda iishe, huku anashona magauni. Kisha wakaoana, msikitini na serikalini, maana safari hii alikuwa mke mmoja wa mume mmoja na sheria haikuwa na la kusema. Alphonse akauliza nani anamtoa bibi harusi. Sefu akanyanyua mkono.

Ungedhani kisa kimeishia hapo.

Mwaka wa sitini na nne waasi walioitwa Simba wakauteka mji. Miezi ikapita, ndege zikatokea juu, risasi zikaanza kulia kila upande, na watu wakakimbilia mtoni kuvuka. Chini ya maporomoko alikuwepo Émile, mvuvi wa Kiwagenia, na mtumbwi wake mmoja mkubwa.

"Kila mwanaume na watu wa nyumba yake!" Émile alikuwa anapaza sauti. "Wengine mungoje!"

Sefu na Aziza walikuwa wameshaketi na watoto wao. Akaja Alphonse, tai ameitupa, anahema. Nyuma yake Clothilde, mke wake wa kanisani. Nyuma ya Clothilde, Alphonsine na Adèle, binamu zake wawili aliowafuga siku zote kwa huruma. Nyuma yao kundi la watoto, wote wana masikio ya Alphonse.

"Binamu wangoje, papa," Émile akasema.

Risasi ikalia karibu.

"Iko wake zangu!" Alphonse akalia. "Wote! Wote watatu! Pitisha!"

Watu walikuwa wanakufa mjini, na bado pale ukingoni kuna waliocheka hadi wakajishika mbavu. Koko mmojawapo. Alikuwa juu kidogo kwenye matope, mtoto mgongoni, Amuri pembeni na cherehani kichwani, hawana pa kupenya.

Sefu akamwona.

Akasimama. Mtumbwi ukayumba, watu wakamtukana, hakusikia.

"Hadidja!" akapiga ukelele ambao wavuvi walikuja kuuzungumzia miaka. "Muke yangu! Mupitishe, iko muke yangu!"

Alilisema mbele ya Alphonse, mbele ya Aziza, mbele ya Mungu na mto mzima. Neno lile koko alikuwa amelililia Banalia hadi Stanleyville.

Watu wakampisha koko. Akateremka, akimvuta Amuri kwa mkono wa shati. Émile akawaangalia, akachanganyikiwa, akamwonyesha Sefu kwa kasia.

"Mama, huyu papa iko bwana yako?"

Koko akamtazama Sefu, amesimama pale analia, kofia imepotea. Anasema alimhurumia, na moyo ulimuuma kidogo. Kisha akaketi, akampakata mtoto wake.

"Hapana," akasema. "Iko kaka yangu. Tulinyonya titi moya."

Émile akapiga kasia.

Yule mtoto ni baba yangu. Maisha yake yote alimwita Sefu noko, mjomba, na noko Sefu hakukosa sikukuu hata moja, mikono imejaa vitambaa. Baba alipooa, mzee alikaa kwenye mkeka wa wajomba na kula fungu la mjomba bila aibu.

Ndugu zangu, serikali itaandika inachotaka, na dini itaruhusu inachoruhusu. Wewe ukiwa na mtu wako, mtaje angali anakungoja. Mficha uchi hazai. Mzee wetu alificha, akaishia kuwa mjomba.