Dawa ya Kuvuta Iliyomwaga Damu Ifakara

Dada yangu Levina aliingia studio ya redio ya pale mjini akiwa na kiatu mguu mmoja. Mkono wa kushoto umechanwa na panga. Damu inadondoka hadi kwenye zulia.

Mchana kweupe. Kipindi cha salamu. Watu wanakula.

"Nipe maiki," akamwambia mtangazaji.

Halafu akaanza kutaja dawa.

Hakuomba msaada. Hakutaja waliomkata. Alitaja dawa tu. Kiasi gani, inachanganywa na nini, kwa joto gani, inakaushwa vipi.

Mimi ni Faustin, mdogo wake wa kumfuata. Nilikuwa nyumbani Lipangalala na baba, ugali mkononi. Nikajua dada yangu kachanganyikiwa.

Hakuwa amechanganyikiwa. Tulieni niwape mkasa mzima, ameniruhusu mwenyewe.

*

Baba yetu, mzee Raimundi, alikoboa mpunga wa watu tangu ujana wake. Vumbi la pumba likamkaa kifuani. Siku hizi akitoka kitandani kwenda uani, lazima asimame njiani ashike ukuta.

Hospitali walimpa dawa ya unga, ile ya kuvuta kwa mdomo. Kiangazi ikamsaidia sana.

Masika yakaingia. Nanyi mnalijua bonde letu masika, hata chumvi jikoni inageuka maji. Ule unga ukagandamana ndani ya kifaa. Baba anavuta, anavuta, hakiingii kitu. Tukawa tunamwangalia mtu anazama akiwa amekaa juu ya kitanda.

Levina ni mfamasia. Alikodi chumba, akakigeuza maabara, akajifungia.

Ilimla misimu ya mvua kadhaa. Mwisho akapata namna ya kuzivisha chembe za dawa koti jembamba, zisishikane hata hewa iwe mbichi namna gani. Alikuwa na mwenzake, Osward, aliyesoma naye chuo. Osward ndiye aliyebuni kifaa chenyewe cha kuvutia. Lakini namna ya kushona lile koti ilikuwa kichwani mwa Levina peke yake.

Majaribio ya maabara yakakubali. Ya wagonjwa bado.

Hapo ndipo Elineema alipotokea. Dalali wa dawa kutoka Dar, shati jeupe pee, manukato yanamtangulia mlangoni. Alisema ana kampuni ya nje inayotaka ile dawa. Sharti lake moja tu, ombi la hataza liende kwa jina lake.

Kwa asiyejua, hataza ni haki anayopewa mvumbuzi. Ukiwa nayo, kwa miaka ishirini hakuna anayeruhusiwa kukitengeneza kitu hicho bila ridhaa yako. Bei unapanga wewe.

"Na mgonjwa wa kule kijijini Masagati ataipata kwa bei gani?" Levina akamuuliza.

Elineema akacheka. "Dada yangu, Masagati siyo soko."

Levina akasimama, akamfungulia mlango.

Osward alinuna siku nzima. "Umeipiga teke bahati, Levi. Bahati haigongi hodi tena."

"Tutaomba wenyewe, kwa majina yetu sote. Acha nimalize kipimo cha mwisho."

Hakukimaliza.

*

Jumatano asubuhi mlango wa maabara ulisukumwa kwa teke. Wanaume watatu. Mkubwa wao jitu la miraba minne, wenzake wanamwita Obed, mkononi ana bomba la chuma.

"Nani mwenye fomula?"

Kabla mtu hajajibu, bomba likatua mbavuni kwa Osward. Akaanguka chini, akajikunja kama jongoo.

Levina akamrukia Obed. Alipokea ngumi ya mdomo, akaona nyota, jino likamtoka. Obed akampiga mateke akiwa sakafuni huku wenzake wanavunja mizani, mashine, chupa. Unga mweupe ukajaa hewani, kila mtu anakohoa.

"Huyu tunaondoka naye," Obed akasema, akimburuza Osward kwa ukosi wa shati. "Wewe kaa na simu yako. Ukigusa polisi, tunakuletea kichwa."

Gari likaondoka kwa kasi. Levina akabaki amekaa juu ya vioo.

Simu ikaita.

Hakusikia maneno. Alisikia mlio, kitu kama kuni kavu inakatwa, halafu ukelele wa Osward. Ukelele mrefu, wa kukutoa utumbo.

"Levina, wape! Wananivunja vidole! Wape, nakuomba!"

Kisha sauti ya Obed, tulivu kabisa. "Njoo kwenye ghala bovu, barabara ya Mlimba. Peke yako. Utamweleza mtu wetu hatua zote, tunamwachia jamaa yako. Ukichelewa, tunahamia mkono wa pili."

Ikakatwa.

*

Levina alinieleza kwamba pale sakafuni aliwaza kuliko siku zote za maisha yake.

Akienda, atasema. Hakujidanganya kwamba atavumilia. Na akishasema je? Mvumbuzi aliye hai anaweza kusimama kupinga ombi la mwizi. Maiti haipingi kitu. Ghala lile lingekuwa kaburi lao wote wawili.

Akienda polisi, Osward anachinjwa.

Ndipo akakumbuka maneno ya wakili mmoja, Paulina, aliyewahi kuwafundisha mambo ya hataza. Paulina alisema hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Ukikitangaza hadharani kabla ya kuomba, si kipya tena. Nchi nyingi huko nje zitakufungia mlango usoni.

Yaani siri ikifa, biashara ya Elineema imekufa. Hawana tena cha kumkamatia mtu.

Au watamuua Osward kwa hasira.

Dada yangu si mtu wa kulia. Alisema pale alilia. "Mungu, nisamehe kwa Osward," akasema, akafuta damu mdomoni kwa koti la maabara, akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Anselim, bodaboda wa kijiweni, alimwona akashtuka. "Dada Levina, nani kakufanya hivyo?"

"Redioni. Usisimame hata ukiona nini."

Obed alikuwa ameacha watu wa kuichunga maabara. Hawajafika sokoni, pikipiki nyingine ikawabana ubavuni. Aliyepakiwa nyuma akachomoa panga.

Levina akainua mkono kujikinga. Panga likamshukia, likafungua nyama kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Bodaboda ikayumba, wote wakala vumbi.

Mwenye panga akaruka chini kummalizia. Anselim, mguu wake umebanwa chini ya pikipiki, akavua helmeti akamtwanga nayo goti. Jamaa akaenda chini. Levina akaokota tofali. Alimpiga nalo uso, na alipojaribu kuinuka akampiga tena.

"Kimbia!" Anselim akapiga kelele. "Kimbia, mimi niache!"

Akakimbia. Nyuma yake, Obed alikuwa ameshapigiwa simu, gari lake linakuja.

*

Mtangazaji alikuwa Scolastica, binti mpole kabisa, kazi yake kusoma salamu za mashangazi. Alipouona ule mkono, hakuuliza maswali. Alifunga mlango kwa komeo, akasukuma meza mbele yake, akasogeza maiki.

"Sema, dada. Uko hewani."

Levina akasema. Mimi si mfamasia, nikijaribu kurudia hapa nitawapotosha. Ila alianza mwanzo, hatua kwa hatua, taratibu, kama mwalimu anayesomea darasa imla.

Kwenye redio tulisikia mlango unagongwa.

Tukasikia unapigwa mateke.

Baba akaishika meza kwa mikono miwili. "Amalize," akasema kwa pumzi ya kuazima. "Mungu wangu, amalize."

Mbao zikapasuka. Scolastica anapiga yowe, Levina anaendelea, sauti haipandi wala haishuki. Alifika kwenye lile koti, akalieleza lote, akarudia mara ya pili kwa atakayekuwa amepitwa.

Obed akaingia na bomba lake.

"Nimemaliza," Levina akamwambia. Maiki bado iko wazi, mji mzima unasikia. "Sasa ni ya kila mtu. Mpigie Elineema umuulize kama bado anaitaka."

Bomba likashuka. Tulisikia mfupa wa bega lake la kushoto unavunjika, live.

Wauza mchele wa nje walikuwa wanasikiliza redio ile ile. Wakapanda ngazi na mipini ya majembe, na mawe ya mizani. Sitaeleza kila kitu walichomfanya Obed na wenzake. Mmoja alitupwa dirishani. Obed aliburuzwa hadi barabarani, na tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa.

Aliyemwokoa ni Levina. Alishuka akiwa hawezi kusimama, akajilaza juu yake.

"Msimuue! Osward yuko mikononi mwao! Huyu anajua aliko!"

Polisi wakafika hapo.

*

Osward alipatikana jioni ile, katikati ya miwa upande wa Kidatu. Ametupwa. Mikono yote miwili imepondwa, mbavu zimevunjika, moja imetoboa pafu.

Levina alilazwa hospitali hiyo hiyo. Alipoweza kusimama tu, aliniomba nimshike, akaenda hadi kitandani kwake. Osward alikuwa amevishwa barakoa ya oksijeni.

Dada yangu akapiga magoti.

"Nisamehe, Osi. Nilijua wanaweza kukuua, na bado nikasema. Nilicheza kamari na roho yako."

Osward akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka. Kwa mkono uliofungwa bandeji, akaisukuma barakoa pembeni.

"Pale maabara... Obed alinigusa tu," akasema, kila neno kwa pumzi yake. "Vidole... ilikuwa fimbo. Tulivunja fimbo karibu na simu."

Nilihisi dada yangu anakuwa mzito mikononi mwangu.

"Mimi ndiye niliyemwambia Elineema alete wale watu. Tungegawana nusu kwa nusu. Nilijua ukinisikia nalia, utakuja ghalani."

"Na mimi mngenifanya nini nikishasema?"

Akageuza uso ukutani.

"Osward. Mngenifanya nini?"

Akafumba macho. "Ulipotangaza... Elineema akasema nimemchezea. Ndipo vijana wake waliobaki nami wakanivunja kweli."

Mashine ya pembeni ikaanza kulia. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Nesi yuko mbali, wodi imejaa. Mimi, niwe mkweli, sikunyoosha mkono. Nilitaka aendelee kutafuta hewa vile vile.

Levina akainuka. Akaichukua barakoa, akamvalisha, akaibana vizuri puani kwa mkono wake mzima, akasubiri mpaka kifua kikatulia.

"Pumua," akamwambia. "Pumua vizuri. Utayarudia haya yote mahakamani."

Na aliyarudia. Elineema alikamatwa njiani kabla ya kufika Mikumi. Sasa hivi yeye na Obed wako ndani, na Osward anatumikia kifungo chake na mikono isiyoweza kushika kijiko.

Wakili Paulina alimwambia Levina huenda bado sheria ya hapa nchini inampa mvumbuzi mwenyewe nafasi ya kuomba, hata baada ya kutangaza.

"Sikuvunjwa bega ili nije niifungie kabatini," Levina akajibu.

Watafiti wa vyuo vingine wameshaanza kuijaribu. Baba bado anaisubiri, na masika yako njiani.

Ndugu yangu unayesoma, kama una kitu ulichokivumbua, kakilinde kisheria leo, usingoje kikamilike. Lakini usilale usingizi kwa sababu ya hati peke yake. Aliyemuuza dada yangu hakuvunja mlango. Alikuwa na ufunguo wake, akila naye chakula, akimwita baba yetu baba.