Aya za Katikati na Pampu ya Hadado

Mwalimu wetu wa Kiswahili, katika shule ya bweni mjini Garissa, alizidharau sana aya za katikati. Utangulizi alitukaririsha kama sala: jua lichomoze, ndege waimbe, umande ung'ae majanini. Umande, Garissa! Hitimisho nalo lilikuwa na maneno yake ya kumliza msomaji. "Katikati jazeni tu," alisema. "Msahihishaji amechoka, hafiki huko."

Yeye kweli hakufika. Mwenzangu wa dawati aliandika insha ya umuhimu wa elimu, na katikati yake akaeleza namna ya kupika anjera, kuanzia kukoroga unga hadi kuikunja sahanini. Alipata kumi na saba kwa ishirini na neno "Hongera" kwa wino mwekundu. Mimi nilipata kumi na nane, nikajiona bingwa.

Likizo moja nilirudi kijijini kwetu Hadado, nikakuta pampu ya kisima imekufa. Adeer, mdogo wake baba, alikuwa amesikia ninavyosifiwa, akaniomba niiandikie ofisi ya maji. Nikajaza kurasa mbili. Ndege waliimba, jua likachomoza mara mbili, nikafunga kwa dua ndefu. Adeer hasomi Kiswahili. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akaipeleka Wajir mwenyewe.

Alirudi siku ya tatu.

"Karani ameisoma mbele yangu, akanitafsiria," alisema. "Anashukuru kwa salamu. Anauliza tunataka nini. Pampu umeiandika wapi?"

Nikapekua nakala yangu. Pampu ilikuwa katika sentensi moja, imebanwa kati ya mawingu na upepo mwanana. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kaa," akasema. "Ngamia akipotea, tunawaambia watu nini?"

"Alama yake."

"Halafu?"

"Alionekana wapi mara ya mwisho, na nani alimwona."

"Basi andika hivyo."

Aya ya kwanza ilisema pampu imesimama tangu lini, ilitoa sauti gani kabla ya kuzima, na fundi gani alijaribu akashindwa. Ya pili ilisema wanawake wanakwenda wapi sasa kutafuta maji, wanatoka saa ngapi na wanarudi saa ngapi. Ya tatu ilitaja tunachotaka: fundi na kipuri. Nilikuwa namsomea kwa Kisomali, na kila nilipochomeka neno la kupendeza aliuliza lina kazi gani. Nikalifuta. Mafundi walifika baada ya wiki mbili.

Shule ilipofunguliwa niliandika insha kwa namna hiyohiyo, kila aya na jambo lake na ushahidi wake. Nikapata tisa. Pembeni palikuwa na neno "Kavu". Nilimfuata mwalimu, nikamsimulia habari ya pampu. Alinisikiliza huku akikoroga chai.

"Mtahiniwa si fundi wa mabomba," akasema.

Katika mtihani wa taifa sikumsikiliza, nikapata alama ya A. Mwaka uliofuata alinialika siku ya wazazi, akanisimamisha jukwaani, akawaeleza wazazi kwamba siri yangu ilikuwa utangulizi mzuri. Adeer alikuwa mstari wa mbele. Niliporudi kuketi nilimtafsiria maneno hayo, akaniuliza kwa Kisomali, bila kunong'ona, "Huyu ndiye aliyekufundisha kuandika?"

"Ndiye."

"Wallahi," akasema, "umeponea chupuchupu."