Siku Niliyogonga Kifuniko Mbele ya Afisa

Jamani, mkiniona napita sokoni Kibiti nimejitanda ushungi mpaka puani, msidhani ni uchamungu, ni aibu ya siku ile alipokuja afisa ustawi wa jamii kunikagua.

Mimi nalea watoto nyumbani kwangu, mama zao wakienda mabondeni kulima mpunga (wengine hulala hukohuko, juu ya dungu la kulindia shamba, kuwinga ndege wasile mpunga), na afisa alishatuonya kwamba anayelea wengi peke yake hapewi kibali. Nami nilikuwa nao wengi, tena peke yangu. Nikawaza, nikinyimwa, hawa watoto watakwenda wapi? Si watabebwa shambani, kwenye maji na nguruwe pori? Basi asubuhi nikawapeleka nusu yao kwa jirani yangu Bi Tatu, nikamwomba awafiche mpaka mgeni aondoke.

Afisa akaja, mama mpole wa kutoka bara, akakagua choo, akakagua maji, akausifu mkeka kwa usafi, kichwa changu kikavimba. Akasema angependa kuwaona watoto wakinywa uji. Sasa mimi (mazoea yana tabu) nikashika mwiko, nikagonga kifuniko cha sufuria, maana ndivyo ninavyowaita kila siku.

Ua wa makuti uliotutenga na Bi Tatu ukaanguka chini, wakamiminika wale wa kwa Bi Tatu, yeye mwenyewe nyuma yao kanga inaburuzika, na Shabani, mdogo kuliko wote, akanivuta gauni akauliza kwa sauti ya mwadhini: "Bi Zena, yule mgeni keshaondoka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema yote palepale huku nalia, na kilichoniliza zaidi ni hofu kwamba nimewaharibia wale watoto. Afisa akamuuliza Bi Tatu aliwatulizaje muda wote ule.

"Nimewapa miyaa ya kusukia mikeka wachambue, mwanangu, nami nawatolea hadithi."

Afisa akanigeukia. "Mama, msaidizi unaye hapo jirani. Ungemwomba awalee nawe, ungekuwa na haja ya kumficha nani?"

Siku hizi tunalea sisi wawili, kibali tumekipata, na pale ua ulipoanguka hatujapaziba, ndiyo njia ya Bi Tatu kuja kazini. Nami nimeapa sifichi mtoto tena: uji ukiiva nagonga kifuniko, aje yeyote.