Bei ya Mwisho ya Marathoni

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa nikiwa nimelala. Ilikuwa alfajiri, na mtu ananivuta shuka kuanzia miguuni. Nilipofumbua jicho moja nikamwona Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, ambaye naishi kwake Kariakoo kwa ajili ya shule. Amesimama mwisho wa kitanda na bukta ya kijani na fulana ya kwaya.

"Shikamoo," nikasema, maana adabu haina usingizi.

"Marahaba, binti yangu. Amka. Kuanzia leo wewe ni Kocha."

"Baba Mkubwa, mimi sijui kukimbia."

"Nani kakwambia ukimbie? Kocha gani uliyewahi kumwona anakimbia?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika utumishi. Nyie wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili mnaosoma haya, jueni kwamba enzi zetu, yaani mwaka jana, ajira hazikutangazwa kwenye simu. Mkubwa alivuta shuka, na wewe ukaripoti kituoni na tongotongo zako.

Cheo changu cha mdomoni kilikuwa Kocha, lakini kazi yenyewe ilikuwa Afisa Malengo. Niwaeleze. Marathoni ni kilometa arobaini na mbili na ushee, na mtu hakurupuki tu akaenda kuzikimbia. Kwanza anajiuliza: mimi natafuta nini kule? Jibu lake ndilo lengo. Yupo anayetafuta muda fulani, yupo anayetaka kumaliza tu, na yupo anayetafuta picha ya kuweka mtandaoni, ambaye tulikuwa tunamwita mheshimiwa mgeni. Kazi ya Afisa Malengo ni kama ya fundi cherehani. Anampima mtu kwanza, ili lengo lisimbane kwapani akifika njiani.

Sasa kuhusu mkuu wangu wa kazi. Baba Mkubwa anauza vitenge kwa jumla, na Kariakoo nzima inamwita Mangi, kama inavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Marathoni ya jiji ameikimbia miaka mingi, njia yake anaijua kama rafu za dukani kwake. Lakini mwaka mmoja kabla sijaajiriwa yalimkuta. Alipofika bonde la Jangwani miguu ikakata moto, akapanda bajaji. Kupanda bajaji si dhambi. Tatizo ni kwamba aliona haya kwenda kwenye utepe wa kumalizia akiwa amekaa, akamwambia dereva amlete moja kwa moja nyumbani.

Na kule kwenye utepe alikuwepo Mama Mkubwa, mkewe. Husimama pale kila mwaka akiwa ameshika kandambili za mumewe, kwa sababu mtu akimaliza marathoni miguu yake haitaki kusikia habari za viatu. Siku ile simu yake ilikuwa imezima. Alisimama mpaka vijana wakashusha lile tao la kumalizia na kulikunja kama turubai la harusi, na yeye bado anaangalia barabarani. Alirudi nyumbani na kandambili mkononi. Hakugomba. Alizipanga mlangoni, moja kando ya mwenzake, akaenda kupika.

"Angegomba ningelala usingizi," Baba Mkubwa aliniambia baadaye. Ni maneno hayo tu, na hakuyarudia.

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Upanga, chini ya Mkuu wa Ufundi, Dada Hansa. Huyu ni mfamasia, Mhindu mzaliwa wa Upanga, anayekimbia kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la dawa. Yeye na Baba Mkubwa walikimbia kati ya maghorofa, mimi nikiwafuata na baiskeli ya dukani nikiwa nimebeba chupa za maji. Kwake ndiko nilikojifunza mwendo wa maongezi, yaani kasi ambayo mtu anaweza kukimbia huku akipiga soga. Ukishindwa kusema sentensi nzima, ujue umezidisha.

Kipimo hicho kiligoma kwa Baba Mkubwa. Yule mtu anaongea akipanda ngazi, anaongea akinywa maji, na siku ya kuzama atazama akiuliza bei ya boya. Dada Hansa alijaribu wiki nzima akanyoosha mikono.

"Kocha, huyu tumpime kinyume. Akinyamaza tu, piga kengele ya baiskeli. Hapo ndipo amefika mwisho wake."

"Nawasikia," Baba Mkubwa akasema, akihema kama pasi ya mkaa.

"Tunataka usikie, Mangi. Miguu yako naijua, na presha yako naijua zaidi. Masaa matano na nusu unaweza. Ukienda chini ya hapo nakuja na machela."

Matano na nusu. Baba Mkubwa alikubali, mimi nikakubali, lengo likapita bila kupingwa.

Kisha nikahamishiwa dukani, na huko ndiko lengo lilikopata ajali.

Ilikuwa Jumamosi, duka limejaa. Mama Zuhura, mteja wetu wa siku zote kutoka Ilala, alikuwa anapapasa jora la kitenge cha bluu. Akauliza mbio za mwaka huu Mangi atatumia muda gani. Baba Mkubwa akajibu kwa sauti ya dukani: "Masaa matano na nusu."

"Matano na nusu?" Mama Zuhura hata hakuinua macho kwenye kitenge. "Mangi, punguza bwana."

Na mdomo wa Baba Mkubwa, uliofundishwa kazi moja maisha yake yote, ukajibu wenyewe: "Haya, matano. Kwa vile ni wewe."

"Ndiyo mwisho?"

"Mwisho kabisa, mama. Hapo sipati kitu."

Mnaoishi mbali na Kariakoo mjue kwamba kwetu kupunguza ni heshima. Muuzaji asiyepunguza watu hudhani ameamka na ugomvi nyumbani. Lakini kitenge ukikipunguza bei kinapungua bei tu. Masaa ukiyapunguza, kasi inapanda. Baba Mkubwa alikuwa anatoa punguzo kwenye miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mimi nilikuwa chini ya meza nacheka.

Muuza vifungo wa duka la pili alisikia, akaja kudai na yeye apunguziwe, kwani Mama Zuhura ana nini? Akapewa manne na nusu. Mpaka wakati wa chakula cha mchana tulikuwa kwenye manne kamili. Jioni nikamsikia kwa masikio yangu anamwambia mteja wa Mbagala: "Matatu na dakika hamsini, na mfuko nakupa bure."

Dada Hansa alipopata habari alinipigia simu. "Kocha, ulilala kazini?"

"Soko lilimzidi nguvu, Dada Hansa."

"Basi mwambie arudi kwenye matano na nusu."

"Mangi harudi nyuma. Bei ikishapatana imepatana. Akiipandisha sasa, Kariakoo wote watamwita tapeli."

"Atakufa huyu," akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Nililichukua kama suala la kiofisi. Jioni moja tukiwa tunakunja majora, nikamwuliza, "Baba Mkubwa, hili bei gani?"

"Si unaijua?"

"Naijua ya kutaja. Ya mwisho je?"

Akacheka. "Ya mwisho haitajwi ovyo, mama. Inakaa hapa." Akajigusa kifuani. "Ukiitaja tu, imeshakuwa ya kwanza, na watu wanaanza kuishusha."

"Basi hata marathoni. Uliyowapa akina Mama Zuhura ni ya kutaja. Ya mwisho ni ipi?"

Akanyamaza. Mkono wangu ulitafuta kengele ya baiskeli. Alimaliza kukunja lile jora, akalipandisha kwenye rafu, akasema, "Hapa dukani siisemi."

Siku ya mbio nilipangiwa kituo cha Jangwani, na ndoo ya maji, ndizi na chumvi. Wakimbiaji walipita makundi kwa makundi. Dada Hansa akapita, akanywa huku anarukaruka. "Mangi wako alianza kama anafukuza mwizi. Akifika mwambie apunguze. Mwendo, siyo masaa." Akaenda zake.

Nilisubiri sana. Jua likapanda, na lengo la kutaja likafa huko juu angani mbele ya macho yangu, la Mama Zuhura pamoja na la muuza vifungo. Waliokuwa wanapita sasa walikuwa wazee, majeruhi, na bwana mmoja aliyevaa kama chupa ya soda. Nyuma yao kabisa nikamwona Baba Mkubwa. Alikuwa anatembea, mkono mmoja kiunoni. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa haongei.

Ubavuni mwake bajaji ilikuwa inatambaa taratibu. Dereva alikuwa Side, yuleyule aliyempeleka nyumbani mwaka uliotangulia.

"Mangi, shikamoo," Side akasema kwa upole wa mtu anayemwamsha mgonjwa. "Tunaenda? Leo bure, mteja wangu wa zamani."

Baba Mkubwa akaiangalia ile bajaji kama mtu anavyokiangalia kitanda. Maisha yangu yote Kariakoo sijawahi kumwona mfanyabiashara akipewa kitu cha bure akakaa kukifikiria muda wote ule. Nilimpa maji. Kichwani nilikuwa na hotuba nzima, yakabaki maneno matatu tu.

"Bei ya mwisho?"

Alikunywa chupa yote, akafuta mdomo kwa ile fulana ya kwaya.

"Nifike pale mama yako anaponingojea. Kwa miguu. Tao liwepo, lisiwepo."

"Haipungui?"

"Haipungui."

Side ni mtoto wa mjini, biashara ikishafungwa anaelewa. Hakubembeleza tena. "Simu ya Mama inakuwaga imezima," akasema. "Natangulia kumwambia asiondoke." Akakanyaga mafuta.

Niliiacha ndoo pale, nikapanda baiskeli, nikaenda pembeni ya Baba Mkubwa. Njia nzima hakusema neno, na kengele sikuipiga. Wafagiaji walikuwa wameshaingia barabarani. Mmoja akamwuliza kama amepotea, mimi nikamjibu kwamba huyu yuko kazini.

Tulipofika, tao lilikuwa limelala chini, vijana wanalikunja. Side alikuwa ameegesha bajaji kivulini, na Mama Mkubwa amekaa kiti cha nyuma, kandambili mapajani. Alipomwona mumewe akashuka, akasimama palepale utepe ulipokuwa.

"Umechelewa," akamwambia.

"Foleni."

"Foleni ya nani, na barabara tupu?"

"Ya miguu yangu."

Mama Mkubwa akainama, akaziweka kandambili chini, moja kando ya mwenzake. Baba Mkubwa akavua viatu akiwa amemshika bega, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. "Side kaniambia unakuja kwa miguu," Mama Mkubwa akasema. "Nikamwambia basi azime injini, tukae." Kisha akaanza kumgombeza kwa yote mawili, ya siku ile na ya mwaka uliotangulia, mpaka nyumbani. Baba Mkubwa usiku ule alilala hata kanga aliyofunikwa hakuihisi.

Dukani walimwuliza wiki nzima ametumia masaa mangapi. Aliwajibu wote jibu moja: "Ile haikuwa ya kuuza."

Mimi nimestaafu mwaka huu kwa sababu za kidato cha nne. Mafao yangu ni fulana moja ya mbio iliyonizidi, na kengele ya baiskeli, kwa kuwa baiskeli yenyewe Mama Mkubwa ameifungia mpaka mitihani iishe. Katika utumishi wangu mfupi nimeona kwamba watu wengi wana lengo la kutaja tu. La mwisho hawajawahi kuulizwa, na wengine wakiulizwa hulisikia kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni mwao wenyewe.

Juzi Mama Zuhura alikuja kuchukua mzigo, akanikuta nimejifunika na kitabu cha kemia. Akaniuliza mwaka huu natafuta divisheni ngapi.

"Ya pili," nikasema.

"Punguza, mwanangu."

"Haya, ya kwanza. Kwa vile ni wewe."

Damu ni damu. Baba Mkubwa alimfungia Mama Zuhura mzigo, akamsindikiza mpaka nje, akarudi akachukua jora akaanza kulikunja. Hakuniangalia.

"Hiyo ya kutaja nimeisikia," akasema. "Ya mwisho?"

Nikaangalia kama kuna mteja karibu. Nikamnong'oneza.

Hakuniambia nipunguze. Alilipandisha jora kwenye rafu, akapangusa mikono.

"Kesho alfajiri," akasema, "navuta shuka."