Mpangaji Wangu Alinawa Miguu kwa Maji ya Mama

(Aliyetuandikia ni msomaji wa kike. Jina lake tumelificha kama alivyotaka. Mahali anapokaa hatukumuuliza.)

Salamu kwako mhariri na kwa wote wanaosomewa gazeti hili. Mimi ni mjane, umri wangu miaka arobaini na ushee, kwa hesabu ya mama yangu anayehesabu kwa miaka ya njaa. Nina nyumba Masasi, karibu na soko, niliyoijenga na marehemu mume wangu, Myao aliyekuwa akiuza chumvi na nguo, na ndiye aliyenifundisha kusoma. Alipofariki nilirudi kwetu juu mlimani, upande wa Mkunya, na nyumba nikaipangisha kwa karani wa akida. Habari yangu ni ya huyo karani. Mtanisamehe nikimtaja bila adabu, kwa kuwa na yeye yake sijaiona.

Ni mtu wa kofia nyekundu na mwavuli, mwavuli anaoufungua hata pasipo jua wala mvua, ili tu watu wajue anao. Tangu siku ya kwanza alitaka kujua ninakaa wapi. Alisema mpangaji hawezi kuishi kwa mtu asiyejulikana makao, lazima ayaandike kwenye daftari lake. Nikamwambia paa likivuja au mlango ukikwama, amwambie mama muuza vyungu pale sokoni, nami nitashuka kabla ya siku ya tatu. Na kweli nilikuwa nashuka. Yeye akawa anawaambia watu sokoni kwamba sisi wa juu tunaishi mashimoni kama ngiri.

Masikini, hajui kitu. Kwetu nyumba haionyeshwi mgeni. Tangu enzi za Wangoni waliokuja kuteka watu, tunajenga ndani ya vichaka, na ukiiacha barabara kuingia kwako hukanyagi ulipokanyaga jana, majani yasije yakafa ikawa njia. Mgeni hupokewa bondeni kwenye maji na huko huko huagwa. Nasi wakati ule tulikuwa na sababu zaidi. Kaka yangu, mjomba wa wanangu na mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa amekunywa dawa ile ya maji akaenda vitani. Vita vikaisha vibaya, akarudi kujificha kwa mama, amekonda mifupa mitupu, na wenzake waliokamatwa walinyongwa.

Sasa kosa langu. Mke wa karani, tumwite Mama Zuhura, alijifungua ugenini hana mama wala shangazi, na mumewe akasema mambo ya uzazi hayamhusu. Nilimhurumia, nikampandisha kwetu akae arobaini. Mama yangu alimkanda kwa maji ya moto, maji niliyoyateka bondeni na kupanda nayo mlima tangu alfajiri mpaka jua kali. Kitovu cha mtoto tulikizika nyuma ya nyumba ya mama. Nilimwomba jambo moja tu, asimwambie mtu njia wala aliowakuta, naye akaapa.

Mwezi haukuisha tangu ashuke kwa mumewe. Karani akaja mchana kweupe na askari watatu. Siku hiyo mimi nilikuwa nimelala na homa, mtungi wa maji umebaki mmoja, kwa hiyo kaka alijifunga kaniki yangu, akajitwika mtungi mtupu akashuka bondeni, kazi ambayo mwanamume wa kwetu angeona aibu kukutwa akiifanya. Aibu hiyo ndiyo iliyomwokoa, maana walipekua wasimpate. Wakachukua mbuzi, kisha wakachoma ghala na nyumba.

Na wakati askari wanapekua, karani alikaa kwenye kigoda cha mama, akavua viatu, akauvuta ule mtungi uliobaki, akanawa miguu kwa maji yetu ya kunywa. Aliyamaliza yote. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, "Unaona, bi mkubwa? Ungenitajia mapema unapokaa, tusingefika huku."

Nimeona watu wabaya wakati wa vita, lakini walikuwa wabaya kwa nguvu zao. Huyu hata ubaya kaazima kwa akida.

Nilipopata nafuu nilishuka sokoni, nikamkuta Mama Zuhura ananingoja kwa muuza vyungu, mtoto mgongoni. Alipiga magoti. "Shikamoo mama," alisema. "Aliniuliza arobaini nililala wapi, na nani walikuwepo. Ni baba wa mtoto, ningemwambia nini?" Sikuiitikia shikamoo yake, na mpaka leo inaniuma.

Kaka nimeshamhamisha, wasijisumbue. Lakini karani bado analala ndani ya nyumba yangu. Juzi kaleta neno kwamba paa linavuja, nishuke nikaliezeke, na nitaje makao mapya ayaandike. Nikimtoa, atasema nyumba ni ya ndugu wa mwasi na itachukuliwa, na ndiyo kitu pekee walichoachiwa wanangu na baba yao. Tena mvua zimeanza, na yule mtoto ambaye kitovu chake kiko chini ya majivu ya nyumba ya mama atalala wapi? Nikimwacha, kila nyasi nitakayoiezeka itakuwa ya kumkinga yeye na mwavuli wake. Mama anasema aache anyeshewe. Kaka, aliyekuwa anatafutwa anyongwe, anasema mtoto hana kosa.

Ndugu zangu, mimi nimeshindwa. Niezeke, au nimtoe? Shaurini humu humu gazetini, nitasoma. Najua karani naye husoma, na asome. Ila akitokea mtu wa kusema nimwambie kwanza ninakokaa ndipo aje kunishauri, nitajua ni yeye.